Blanketi Lililokuja Mdomo Wazi

Blanketi lilinifikia Iguguno siku ya mnada, ndani ya mfuko wa salfeti uliokuwa bado na maganda ya alizeti. Aliyelileta ni wifi yangu, mke wa mdogo wangu. Alikuja kwa bodaboda kutoka Mtinko, vumbi limemjaa hadi kwenye kope, akaketi kibarazani kwangu, akanywa maji vikombe viwili ndipo akasema kilichomleta.

"Tulikuwa tunatafuta kadi ya kliniki ya mama kwenye sanduku lake," akasema, "tukalikuta hili. Limefungwa kwenye kanga, na kikaratasi chenye jina lako. Mdogo wako akasema nilete."

Mama alikuwa amepata kiharusi mwezi mmoja kabla. Mkono na mguu wa kulia vilikuwa vimelala, na maneno yalikuwa yamekwisha mdomoni, ikabaki sauti tu. Habari hiyo niliipata kwa simu siku ile ile. Nilituma pole kwa ujumbe mfupi, maneno ya adabu kama ninamwandikia mwalimu mkuu, na sikwenda. Nasema hivi mapema ili mtu asije akanionea huruma kabla ya wakati wake.

Nilikuwa sijavuka kizingiti cha mama kwa miaka saba. Toka Iguguno hadi Mtinko si safari ya kuaga watu. Ukiondoka asubuhi unarudi jioni na kuku wako mkononi. Lakini mimi na mama tuliugeuza umbali ule kuwa mkubwa kuliko wa Dar es Salaam. Alinikataza kuolewa na Mwislamu, nikaolewa naye. Hapo pengine tungenuniana mwaka mmoja kisha yakaisha, kama yanavyokwisha kwa wengine. Kilichotufikisha miaka saba ni blanketi, na sasa nilikuwa nalitoa blanketi kwenye salfeti mbele ya wifi yangu.

Kwetu Mtinko, wanawake wa kanisani kwa mama hushona mablanketi ya vipande. Ufundi huo ulitoka Kilimatinde, alikozaliwa mama. Zamani za bibi yangu, pale misheni palikuwa na muuguzi wa Kizungu aliyewafundisha wanawake kuunganisha mabaki ya vitambaa kuwa blanketi la mtoto mchanga. Muuguzi yule alikuwa na majina yake ya mitindo, ya kwao, lakini hakuna aliyeyashika. Alipoondoka mishono ilibaki, na wanawake wakaipa majina ya vitu wanavyovijua. Mama alipoolewa huku Unyaturu alikuja na sindano zake, na wenzake wa Mtinko wakaongeza yao.

Kuna Kuku na Vifaranga, kipande kimoja kikubwa katikati na vidogo vinane vinakizunguka. Kuna Mafiga. Kuna Mawe, vipande vya kijivu visivyolingana, ambavyo mgeni hudhani mshonaji hajui kupima, mpaka atakapoona majabali yetu yalivyorundikana. Kuna Ugomvi wa Mawifi, pembetatu mbili zilizopeana mgongo, na anayepewa hilo anapaswa kucheka hata kama limemchoma.

Blanketi la namna hii hushonwa kama foronya. Juu ni vipande, chini ni kitambaa kizima, na pande tatu hufungwa. Upande wa nne huachwa wazi na huitwa mdomo. Siku binti anapoolewa, au anapojifungua mtoto wa kwanza, aliyemshonea humkabidhi, humtajia jina la blanketi, naye hulirudia jina hilo kwa sauti. Kisha hutiwa ndani blanketi kuukuu la kuleta joto, na mpokeaji mwenyewe hushona mdomo. Likishafungwa limefungwa. Binti ambaye hajapewa lake haruhusiwi kuchungulia ndani ya la mwenzake. Mimi nilikua nikiona huo ni ushamba tu, mambo ya wanawake wanaopenda siri.

Tena sikuwa na muda wa sindano. Mama mwenyewe alinifukuza mkekani nikiwa mdogo. "Wewe shika kalamu," alikuwa akisema, "sindano zimetosha humu ndani." Nikaishika kalamu kweli, nikawa mwalimu, na kalamu ikanipanda kichwani.

Mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha nilipangiwa shule ya karibu na nyumbani. Nikaona mablanketi yale yatapotea wanawake wakizeeka, basi nikanunua daftari kubwa lenye jalada gumu nikaanza kuyaorodhesha. Nilipita nyumba kwa nyumba siku za Jumamosi. Ninachora mtindo kwa rula, ninapaka rangi, ninaandika jina chini. Wanawake walinicheka lakini walinipenda. Nilipomwambia mmoja kwamba lake lina pembetatu thelathini na mbili, alinitazama kwa huruma akasema, "Mwanangu, hizo ni sambusa."

Nilifikisha mitindo ishirini na miwili. Mmoja ndio ulionisumbua. Ulikuwa wa vyumba. Chumba ndilo neno lao la mraba mmoja wa blanketi. Kila chumba kilikuwa na vipande saba vyembamba vilivyosimama sambamba, cha kwanza cheusi kama masizi, kinachofuata kimefifia kidogo, hivyo hivyo hadi cha saba chenye rangi ya mwanga. Upande mweusi waliuita jikoni na upande mweupe uani. Nililiona blanketi la mtindo huo kwa mama mmoja, akaniambia linaitwa Anayetoka. Wiki iliyofuata nikaliona kwa mwingine, vyumba vile vile, rangi zile zile, naye akasema lake ni Anayerudi. Niliyachora yote mawili, nikalinganisha, nikapima kwa rula. Hayakuwa na tofauti hata ya punje. Nikaamua mama wa pili amesahau, nikachukua kalamu nyekundu nikalikata lile jina la Anayerudi, nikaandika pembeni: si sahihi.

Mama aliliona daftari likiwa mezani. Aliutazama ule mstari mwekundu muda mrefu.

"Kwa nini umekata?" akaniuliza.

"Amekosea. Mtindo mmoja hauwezi kuwa na majina mawili."

"Andika ulivyoambiwa."

"Mama, nimepima."

Alilifunga daftari taratibu. "Siku yako ikifika utaona," akasema, akaenda zake kuchambua mlenda.

Siku yangu haikufika. Miaka miwili baadaye walikuja washenga kutoka Iguguno. Mama aliwapokea kwa heshima, akawapa uji, na walipokwisha kusema la kusema akanigeukia mimi mbele yao na mbele ya shangazi zangu. Mama yangu hana sauti kubwa. Alisema kwa utulivu kabisa, "Ukienda huko, blanketi lako sitalishona."

Ulimi hauna mfupa. Nikamjibu, "Nani amekwambia ninayataka matambara yako?"

Shangazi mmoja alishika kichwa. Mama alikusanya vikombe vya wageni kimoja kimoja, akaingia ndani, na tangu siku ile hadi kiharusi kilipomkuta hatukusemezana isipokuwa mara moja msibani, tena kuhusu sufuria. Tulifunga ndoa bomani, mimi na mume wangu, na nilihamia Iguguno bila blanketi. Nimelala chini ya mablanketi ya dukani miaka yote hiyo, na usiniulize kama yana joto.

Kwa hiyo pale kibarazani, wifi akinitazama, nilitaka jambo moja tu. Nilitaka kujua kama mama amenisamehe. Blanketi lilikuwa mdomo wazi, halijatajwa jina, na aliyepaswa kulitaja hakuwa tena na maneno. Nililikunjua juu ya mkeka. Mstari wa kwanza wa vyumba ulipotokeza niliutambua papo hapo. Jikoni kweusi, uani kweupe, vipande saba.

Anayetoka.

Sikuendelea kulikunjua. Nililikunja nikalirudisha kwenye salfeti, nikamwambia wifi amshukuru mdogo wangu. Moyoni nilisema, basi, ndiyo kwaheri yake hii. Ameshona jibu lake, akaliweka sandukuni ili nilipate akiwa hawezi kubishana nami. Nililia jikoni huku nakatakata vitunguu, ili nisilazimike kumweleza mtu.

Mama mkwe wangu hadanganyiki kwa vitunguu. Ni mwanamke wa Kinyiramba, mcheshi, anayenipenda kuliko ninavyostahili. Alikuwa amenisihi niende kwa mama tangu siku ya kwanza ya kiharusi. "Mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi," akaniambia, "na wewe mkwe wangu Idi zimekupita kumi na nne."

"Nitakwenda," nikasema. "Namrudishia mali yake."

"Nenda hata kwa kurudisha. Mradi uende."

Jumamosi nilifunga salfeti nyuma ya bodaboda. Ilikuwa Juni, ule upepo wetu unapita hadi kwenye mifupa, na pande zote vichwa vya alizeti vilikuwa vimetandazwa vikikauka. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Nilikasirika vizuri kabisa, hasira ya mtu mwenye ushahidi mkononi.

Nilifika Mtinko. Badala ya kwenda kwetu moja kwa moja nilipinda kwa jirani, shoga yake mama wa toka ujana, aliyeshona naye kwenye mkeka mmoja miaka yote. Nilizoea kumwita mama mkubwa. Alikuwa uani akipepeta mtama.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba." Hakuuacha ungo. Alinitazama kuanzia kitambaa cha kichwa hadi viatu. "Umenenepa. Ni vizuri. Hicho ni nini?"

"Blanketi la mama. Wameniletea."

Ungo ukasimama. "Umepewa?"

"Nimeletewa. Nalirudisha."

"Mdomo uko wazi?"

"Uko wazi."

"Umetazama ndani?"

"Nimetazama nje, kumenitosha. Ni Anayetoka."

Alicheka, lakini hakikuwa kicheko cha furaha. "Mwalimu mzima," akasema. "Unasoma kitabu kwa jalada. Lete hapa."

Alifuta mikono kwenye kanga, akatia mkono ndani ya mdomo wa blanketi, akashika kona za chini akalipindua kama mtu anavyopindua foronya ya kufua. Mishono yote ikatoka nje. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuona ndani ya blanketi la vipande. Sikutegemea ingekuwa nadhifu vile.

"Wewe hukupewa lako, kwa hiyo hukuonyeshwa," akasema. "Leo nakuonyesha mimi, maana mwenye kukuonyesha hawezi. Toa kidole."

Nikatoa kidole kama mtoto wa darasa la kwanza. Alikiweka juu ya mshono wa kwanza.

"Ukiunganisha vipande viwili, ndani kunabaki ukingo. Ukingo huo hausimami, lazima ulazwe. Sisi tunaulaza kwa ukucha upande wa kipande kilichokuja mwisho. Kila mara hivyo hivyo. Sasa pitisha kidole uniambie kingo zimelala wapi."

Nikapitisha. Kingo zote sita zilikuwa zimelala kuelekea uani.

"Basi aliyeshona alianza na cheusi, akaongeza, akaongeza, akaishia kwenye cheupe. Ameanzia jikoni akatoka nje. Ndilo Anayetoka. Angeanza na cheupe akaenda nacho hadi kwenye cheusi, kingo zingelala kinyume, na hilo ndilo Anayerudi. Kwa nje huwezi kuona. Kwa nje ni nyumba moja."

Nilihisi masikio yanawaka moto. Nilikumbuka mstari mwekundu, na yule mama niliyemwandikia kwamba amesahau jina la blanketi alilopewa na mama yake mzazi. Nilikumbuka mama akilifunga daftari. Nilikuwa nimepima kila kitu isipokuwa kilichotakiwa kupimwa.

"Hata hivyo nilipatia," nikasema, maana mimi ni mbishi hata nikiwa chini. "Ni Anayetoka. Ananiambia niende zangu."

"Ngoja. Vyumba ni ishirini. Wewe umesoma kimoja."

Tukaenda chumba kwa chumba, kidole changu mbele, chake nyuma. Mstari wa kwanza vyumba vinne, vyote vinatoka. Mstari wa pili hivyo hivyo. Mishono hii ilikuwa imebanwa mno, uzi umevutwa hadi kitambaa kimejikunja. "Alianza mwezi ule ule ulipoondoka," mama mkubwa akasema. "Alikuwa anashona kana kwamba kuna mtu anamchoma. Nikamwambia, shoga, utakata uzi. Hakunisikia."

Chumba cha tisa kinatoka. Cha kumi kinatoka. Cha kumi na moja, kidole changu kilikwama. Ukingo ulikuwa umelala upande mwingine. Nikapapasa tena. Kingo zote sita zilielekea jikoni, na kando ya kila mshono palikuwa na safu ya vitundu vidogo vya sindano, vitupu, havina uzi.

Mama mkubwa aliinama hadi pua ikakaribia kitambaa. "Hiki alikifumua," akasema polepole. "Alikishona kutoka, akakifumua, akakishona kurudi."

Cha kumi na mbili kinarudi. Na vyote vilivyobaki hadi cha ishirini vinarudi, kwa mishono iliyolegea na kupumua. Na kitu kingine. Kuanzia chumba kile cha kumi na moja, kipande cheupe cha uani hakikuwa cheupe tena bali cha rangi ya chungwa iliyofifia. Kwa nje hakikuonyesha kitu. Kwa ndani, kwenye ukingo uliolazwa, palionekana pindo la kanga lenye michoro ya korosho. Nililijua lile pindo. Mwanangu wa kwanza alipozaliwa, mama mkwe alikata doti moja ya kanga, kipande kimoja akavaa yeye na kingine akampelekea mama Mtinko na salamu za mjukuu. Halikurudi jibu, na mimi nilimwambia mama mkwe asijisumbue tena, kanga ile itakuwa imeshafanywa dekio.

"Lini alikifumua?" nikauliza, ingawa nilishajua.

"Tulisikia umejifungua kwa upasuaji, na kwamba hali si nzuri. Alikuja hapa na wembe na hili blanketi lililokuwa limelala sandukuni karibu mwaka. Aliketi pale ulipoketi. Alifumua mchana kutwa, chumba kimoja tu, maana macho yalikuwa yanamjaa. Mimi sikumuuliza kitu. Nikadhani amekosea hesabu."

"Mbona hakuniletea? Miaka sita, mama mkubwa!"

"Na wewe mbona hukuja?"

Alilikunja blanketi vile vile, ndani nje, akanipa, akajifunga kanga yake vizuri kiunoni. "Twende," akasema. "Na uzi ninao."

Mama alikuwa uani kwetu, kwenye kiti cha plastiki, juani, na shuka magotini, wifi ameketi kando yake. Nilijiandaa kumkuta mgonjwa. Sikujiandaa kumkuta mdogo vile. Mdomo ulikuwa umeenda upande mmoja. Mkono wa kulia, ule wa sindano, ulikuwa umewekwa mapajani na mtu mwingine, ungeona tu kwamba si yeye aliyeuweka.

"Shikamoo, mama."

Jicho lake lilinikuta likabaki hapo. Miaka saba nilijiambia kwamba hata nikienda kumwamkia hataitikia. Sasa nilimwamkia na hakuitikia, na sababu haikuwa ile niliyoiogopa. Ilitoka sauti moja ndefu isiyo na umbo. Nilipiga magoti, nikaweka blanketi mapajani mwake, mishono juu, na akaona kwamba nimelipindua. Alimtazama mama mkubwa.

"Nimemwonyesha," mama mkubwa akasema. "Unikasirikie mimi."

"Mama," nikasema, "nimesoma ndani. Ni Anayetoka?"

Alitikisa kichwa. Hapana. Nikamsogelea kwa furaha.

"Ni Anayerudi."

Akatikisa kichwa tena. Hapana.

Nilimgeukia mama mkubwa. Naye hakuwa na jina la tatu. Mama alianza kukasirika, niliiona hasira yake ya zamani ikija usoni upande mmoja tu, na mkono wa kushoto ukaanza kutambaa juu ya mishono. Ulikwenda vibaya, ukapita mstari, ukarudi. Wifi alitaka kumsaidia, nikamzuia. Kidole kilifika chumba cha kumi na moja kikasimama juu ya vile vitundu. Akagonga. Akagonga tena, akinitazama mimi.

"Hapa ulifumua," nikasema.

Alifumba macho, akainamisha kichwa. Ndiyo.

"Umefumua, mama."

Sauti ikatoka, fupi safari hii, na akagonga kifua chake kwa kidole kile kile, kisha akarudi akagonga kitundu. Mama mkubwa alikuwa wa kwanza kuelewa. Aliketi chini kwenye mchanga bila kutafuta mkeka.

"Anakutajia," akasema. "Rudia, mwanangu. Jina ukitajiwa unarudia."

"Nimefumua," nikasema kwa sauti, kama desturi inavyotaka. Nilikuwa nimeorodhesha mitindo ishirini na miwili ya wanawake wale, na huo haukuwamo. Hakuna aliyewahi kushona blanketi lenye jina hilo, wala mama mwenyewe hakulijua alipoanza. Nikamwambia yote pale pale, mbele ya wifi na mama mkubwa, kama nilivyomtukana mbele ya watu. Nilimwambia yale hayakuwa matambara, kwamba nililijua hilo hata siku ninasema, kwamba anisamehe. Nililia bila vitunguu. Yeye naye machozi yalimtoka, upande ule mbovu yakatiririka bila yeye kujua, nikamfuta kwa kanga yangu.

Tulilipindua la vipande mishono ikarudi ndani, wifi akaleta blanketi kuukuu tukalitia humo. Mama mkubwa alitunga uzi kwenye sindano kwa jaribio la nne, akinitukana kwa kuwa na macho mazuri na kukaa bure. Kisha nikapewa sindano. Nilikaa chini miguuni pa mama, nikaegemeza mdomo wa blanketi kwenye goti lake, nikaanza kushona kutoka kona ya kushoto. Nilishona hatua tatu za sindano. Zilikuwa ndefu kama hatua za mtu anayevuka mto, lakini nilijiona fundi.

Mkono wa kushoto wa mama ulinyanyuka taratibu ukanipiga kofi kwenye vidole. Halikuwa na nguvu. Ilikuwa mara ya kwanza kunigusa kwa miaka saba, na lilikuwa kofi lile lile alilokuwa akinipiga mkekani nikiwa na miaka sita. Alinyoosha kidole kwenye hatua zangu tatu, akatoa sauti ambayo kila mtu pale uani aliielewa.

Nilizifumua zote tatu, nikaanza upya.